Mbegu za maua zinazogoma kuota: jua kwanza kilichozifunga

Mbegu ya ua ikimaliza wiki tatu kwenye udongo bila kuonyesha kitu, mwenye bustani hulaumu mkono wake, au humlaumu aliyemuuzia. Mara nyingi tatizo liko kwingine. Mbegu nyingi za maua ya porini, na za maua yaliyotoka nchi zenye majira tofauti na yetu, huzaliwa zikiwa zimefungwa. Bila kufuli hilo zingeota kwa mvua moja ya kupita katikati ya kiangazi, kisha zikafa zote kwa siku tatu. Kazi yako ni kujua mbegu uliyonayo imefungwa na nini, kisha kufungua hicho tu. Anayeloweka kila mbegu, kufukia kila mbegu na kumwagilia kila mbegu asubuhi na jioni atafanikiwa kwa alizeti na mchicha, lakini ataua mdagu (waridi la jangwani) kwa maji na ua la Usambara kwa giza.

Zipo zinazofungwa na ganda gumu lisilopitisha maji. Zipo ambazo ganda halina shida, ila kiini chenyewe bado kimelala na kinahitaji muda. Nyingine zinasubiri mwanga, nyingine baridi, nyingine hata moshi. Na lipo kundi ambalo halijafungwa kabisa, ila maisha yake ni mafupi mno, kiasi kwamba mbegu imekwisha kufa kabla haijakufikia. Kundi hili la mwisho ndilo linalowapotezea watu pesa nyingi kuliko yote, kwa hiyo tuanze nalo.

Kupata mbegu iliyo hai

Swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei. Muulize zilivunwa lini. Pakiti yenye tarehe ya kufungashwa pekee haikuambii kitu, kwa sababu mbegu inaweza kukaa ghalani miaka miwili ndipo ifungashwe. Kisha uliza jina la kitaalamu. Majina ya biashara hupotosha: "waridi la jangwani" si waridi, na "lavenda" ni mimea mingi yenye tabia tofauti za kuota.

Kaa mbali na picha za ajabu. Hakuna mbegu ya waridi itakayokupa ua la buluu ya bahari au petali za rangi saba, na hakuna ua la strelizia lenye rangi zote za upinde wa mvua. Hata waridi halisi la dukani likikupa mbegu, mtoto hatafanana na mama, kwa sababu mama ni chotara. Hali ni hiyo hiyo kwa midagu ya rangi na petali nyingi nyingi inayouzwa mijini: mbegu zake zitaota vizuri, ila maua yatakuwa ya bahati nasibu. Ukitaka rangi ile ile, pandikiza tawi lake juu ya shina la mdagu mwingine, au chukua kipandikizi, yaani kipande cha tawi cha kuotesha.

Mbegu ya kuagiza nje ina taratibu zake. Tanzania, kibali cha kuingiza mbegu na mimea hutolewa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kenya hutolewa na KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Kibali kitangulie kabla mzigo haujatumwa, na mbegu zije na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zilikotoka. Bahasha iliyotumwa kimyakimya inaweza kuzuiwa na kuteketezwa. Mbegu za miti ya maua kama mkrismasi au kifabakazi hazihitaji safari hiyo: Kenya huuzwa na KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, na Tanzania Wakala wa Huduma za Misitu huuza mbegu za miti.

Ukishaipata, itunze. Wahifadhi wa mbegu wana kanuni ya zamani: kila ukipunguza nyuzi 5 za joto, maisha ya mbegu kavu huongezeka karibu mara mbili, na kila ukipunguza asilimia 1 ya unyevu ndani ya mbegu, vivyo hivyo. Ndiyo maana mbegu iliyoachwa kwenye droo Mombasa au Dar es Salaam hufa mapema kuliko ile ile iliyoachwa Lushoto au Limuru. Weka mbegu ndani ya bahasha ya karatasi, bahasha ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, na chini ya chupa tandaza mchele kiasi cha robo ya chupa. Mchele huo ukaange kwanza bila mafuta mpaka uanze kubadilika rangi, uache upoe ndani ya sufuria iliyofunikwa, ndipo uutumie. Utanyonya unyevu. Chupa ikae friji, si friza. Unapoitoa, usiifungue kabla haijapata joto la chumba, la sivyo umande utaganda juu ya mbegu na kazi yote itaharibika.

Je, iko hai?

Watu wengi hutupa mbegu majini na kusema inayoelea imekufa. Kipimo hiki hudanganya sana kwa mbegu za maua. Mbegu ya mdagu ni nyepesi na inaelea hata ikiwa hai. Mbegu mbichi ya yungiyungi huelea kwa sababu imevikwa utando wenye hewa.

Ukiwa na mbegu nyingi, toa moja na uikate kwa wembe. Ndani pawe peupe au pa rangi ya maziwa, pawe pagumu kiasi na penye unyevunyevu. Ukikuta unga wa kahawia, utupu, au kitu kilichosinyaa kikaachana na ganda, hiyo ni maiti. Kata tatu au nne kabla ya kutoa hukumu. Kwa zile zisizohitaji siku nyingi, chukua 10, zifungie ndani ya karatasi ya jikoni iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka isidondoshe tone, weka ndani ya kopo la siagi lenye kifuniko, na uliache mahali penye joto. Zikiota 7, unajua usie ngapi ili upate idadi unayotaka.

Ganda gumu: tupa, msasa na maji ya moto

Kana, mkrismasi, jamii ya mikunde kwa jumla, maua mengi ya kutambaa ya jamii ya viazi vitamu, na yungiyungi la Asia liitwalo lotasi: zote hizi hufungwa na ganda. Lotasi ndiyo bingwa wao. Mbegu yake iliyofukuliwa kwenye ziwa lililokauka kaskazini mashariki mwa China iliota baada ya kulala karibu miaka 1,300, na kilichoitunza miaka yote hiyo ni ganda lake.

Chukua mbegu ya kana mkononi. Ni nyeusi, duara, kubwa kidogo kuliko punje ya pilipili manga, na ukiigonga kwenye meza hulia kama kokoto. Kwenye ganda lake kuna alama ndogo ya kitovu, pale iliposhikana na kifuko. Hapo ndipo mzizi utatokea, kwa hiyo usipaguse. Geuza upande wa pili. Ishike kwa koleo dogo na uisugue kwenye tupa au msasa mpaka weusi uishe na doa jeupe litokee, la ukubwa wa kichwa cha pini. Ukiona weupe, simama. Ukiendelea utakula chakula cha mche, na kidonda kikubwa ni mlango wa ukungu. Kisha iloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa 24.

Asubuhi yake mbegu yenyewe itakupa jibu. Iliyofunguka huwa imevimba kiasi cha kuonekana kwa macho, na ganda limepoteza mng'ao. Iliyobaki na ukubwa wake wa jana bado imefungwa. Usiipande wala usiiache majini siku ya pili ukitumaini. Itoe, isugue tena, iloweke tena. Kipimo hiki cha kuvimba kinafaa kwa mbegu yoyote ya ganda gumu, na ndicho kinachookoa pakiti nzima, kwa sababu mara nyingi nusu huvimba na nusu hugoma. Kana iliyovimba hupandwa kina cha sentimita 1 hadi 2 na hutokeza kwa wiki moja hadi mbili penye joto.

Mbegu zikiwa mamia, huwezi kuzisugua mojamoja. Hapo tumia maji ya moto, na mkrismasi huyapokea vizuri. Chemsha maji, epua, acha bila kifuniko dakika tano hivi, kisha yamimine juu ya mbegu ndani ya bakuli. Maji yawe mengi, angalau mara tano ya mbegu, yasije yakapoa mara tu yanapozigusa. Usizirudishe jikoni. Zikae humo mpaka siku ya pili. Zilizovimba zipande, zilizobaki zirudie. Usijaribu njia hii kwa mbegu laini, hata kidogo. Utakuwa umezipika.

Strelizia

Ua hili la Afrika Kusini linalofanana na kichwa cha ndege limejaa kwenye bustani za mahoteli yetu, lakini watu wengi hawajawahi kuona mbegu yake. Kwao huko ndege hutua juu ya ule mshale wa buluu, mshale hufunguka kwa uzito wake, na chavua humganda miguuni. Hapa kwetu usitegemee ndege. Ubane mshale kwa vidole mpaka ufunguke, chota chavua nyeupe iliyomo kwenye mfereji kwa kijiti cha pamba, na uipake kwenye ncha yenye unatonato ya ua jingine. Likishika, kifuko kitavimba na kukaa miezi mitano au sita mpaka kiwe kahawia na kipasuke pande tatu. Ndani utakuta mbegu nyeusi za ukubwa wa njegere, kila moja imevaa kishungi cha nywele za rangi ya chungwa.

Ng'oa kishungi hicho chote kwa vidole, kisivutie ukungu. Sugua ganda kwa msasa upande ulio mbali na kitovu, loweka siku mbili na ubadilishe maji kila asubuhi, kisha panda kina cha sentimita 1 na nusu. Udongo uwe mchanganyiko wa kokopiti (makapi ya maganda ya nazi) na mchanga mkubwa wa mto uliooshwa, nusu kwa nusu. Mbegu inataka nyuzi 25 hadi 30 mchana na usiku. Hapa ndipo Nairobi, Mbeya na Arusha zinaposhindwa na kuulaumu udongo: mchana pana joto, usiku panashuka hadi nyuzi 13, na mbegu inarudi kulala. Weka trei juu ya friji, au mahali pengine penye vuguvugu lisilokatika.

Kutoka hapo ni mwezi mmoja hadi mitatu, na chache huchukua nusu mwaka. Zikiwa zimeanza kunyonya maji, udongo ukikauka kabisa mara moja tu, umezipoteza. Mzizi hutangulia, mnene na mweupe, halafu wiki kadhaa hupita bila jani. Usichimbe kuangalia. Mche utatoa ua kati ya mwaka wa tatu na wa tano kama unapata jua la kutosha.

Mdagu: usichelewe

Mdagu, Adenium obesum, ni wa kwetu. Unaota porini kwenye maeneo makavu ya Kenya na Tanzania, shina limenona kama mbuyu mdogo na maua ni ya rangi ya waridi. Mbegu yake haina kufuli. Ikiwa mbichi huota kwa siku tatu hadi saba, na ikikaa miezi michache tu kwenye joto na unyevu huanza kufa. Kwa hiyo mdagu uliogoma karibu daima una sababu mbili: mbegu nzee, au maji mengi.

Mdagu mmoja ukiwa peke yake mara nyingi hauzai, kwa sababu hautaki chavua yake wenyewe. Inahitajika miwili isiyotokana na kipandikizi kimoja. Ua likishika, hutoa vifuko viwili vilivyotazamana kama pembe za ng'ombe. Vinapoanza kupoteza ukijani na kuelekea kijivu, vifunge kwa uzi au waya laini sehemu tatu, au uvivalishe kipande cha soksi ya nailoni. Usipofanya hivyo, siku moja utakuta pembe zimepasuka na mbegu zote zimeruka, kwa maana kila mbegu ina kishungi cha manyoya pande zote mbili, na upepo kidogo tu unatosha. Kata kifuko kinapoanza kupasuka chenyewe. Kilichokatwa kikiwa kibichi kina mbegu changa, nyembamba, ambazo haziwi kitu. Utomvu wa mdagu ni sumu, na ndio uliopakwa kwenye mishale ya wawindaji sehemu nyingi za Afrika. Vaa glavu, na nawa kabla hujagusa macho au chakula.

Mbegu ni kijiti cha kahawia, kirefu kama sentimita moja. Katakata manyoya. Loweka saa 2 hadi 4, zisizidi. Andaa mchanganyiko wa sehemu mbili za pumisi (mawe mepesi ya volkano) au mchanga mkubwa uliooshwa, sehemu moja ya kokopiti na sehemu moja ya pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi bila kugeuka majivu. Chombo kiwe na kina cha sentimita 8 na matundu mengi chini. Laza mbegu kwa ubavu, sentimita 3 kutoka moja hadi nyingine, funika kwa milimita 5 tu. Joto la nyuzi 28 hadi 32 ndilo linalopendwa, na Pwani unalipata bure.

Mpaka zitokeze, udongo uwe na unyevu wa sifongo iliyokamuliwa. Zikishatokeza, acha uso wa udongo ukauke kabla hujamwagilia tena. Wiki mbili za kwanza zikae kwenye kivuli chepesi, wiki ya tatu zipate jua la asubuhi. Mche wenye afya huwa na kitako kilichovimba kama punje ya maharage tangu siku za kwanza. Ukikibonyeza polepole ukakuta ni kilaini, umeoza, na hakuna dawa itakayomrudisha. Hamisha miche ikiwa na majani manne hadi sita ya kweli. Kwenye joto, wengine hutoa ua kabla ya kutimiza mwaka mmoja na nusu.

Mkalamu: kiini kilicholala

Mkalamu, Gloriosa superba, una ua lenye petali zilizopinda kama ndimi za moto, nyekundu na njano, na majani yenye ncha za kujisokota zinazokamata chochote. Kabla ya yote: kila sehemu yake ni sumu kali ya kolichisini, na mbegu na kiazi ndivyo vibaya zaidi. Mbegu zake ni nyekundu, nzuri, mtoto akiziona atadhani ni pipi. Vuna kifuko kinapoanza kufunguka, fanya kazi ukiwa na glavu, weka mbegu juu mahali pasipofikika, na usizianike uani penye watoto, kuku au mbuzi.

Hapa msasa hausaidii sana, kwa sababu tatizo liko ndani. Mbegu iliyotoka kwenye kifuko mara nyingi hulala miezi kadhaa hata ikipewa kila kitu. Ikaushe kivulini, ihifadhi kwenye karatasi hadi msimu wa mvua unaofuata. Halafu iloweke usiku mmoja, sugua ule ute mwekundu utoke, panda kina cha sentimita 1 kwenye udongo mwepesi, penye nyuzi 20 hadi 25. Nyingine zitatokea wiki ya tatu, nyingine mwezi wa tatu, nyingine baada ya hapo, zote kutoka kifuko kimoja. Ndiyo tabia ya mmea wa porini: hauweki watoto wake wote kwenye mvua moja.

Kosa kubwa zaidi hutokea baada ya kuota. Mche wa mwaka wa kwanza hutoa shina jembamba na majani machache, kisha kiangazi kikifika hunyauka na kupotea kabisa. Watu humwaga udongo. Kumbe chini kuna kiazi kidogo kinachopumzika. Punguza maji, kiache chomboni mahali pakavu, na mvua zikirudi anza kumwagilia kidogokidogo. Ua hutarajiwa mwaka wa tatu au wa nne.

Mbegu kama vumbi

Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikusanya ua dogo la zambarau la Usambara na kulipeleka kwao. Mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia, na leo liko kwenye madirisha ya nusu ya dunia huku ndugu zake wa msituni wakizidi kupungua. Kwa sababu hiyo usichukue mbegu wala mmea msituni. Mmea wa dukani ukipakwa chavua kwa brashi ndogo utakupa kifuko, ambacho huiva kwa miezi minne hadi sita na kunyauka kikiwa kwenye kikonyo chake.

Mbegu ni vumbi la kahawia, mamia ndani ya kifuko kimoja. Mbegu ndogo namna hii haina akiba ya chakula ya kupanda juu hata milimita 3, kwa hiyo inasubiri mwanga ndipo iamke. Ukiifunika umeizika. Chekecha kokopiti kwa chujio la chai, ilowanishe, sawazisha uso bila kushindilia. Changanya mbegu na kijiko kimoja cha mchanga mkavu uliochekechwa, weka kwenye karatasi nyeupe iliyokunjwa katikati, gonga karatasi kwa kidole huku ukitembea juu ya chombo. Usimwagilie kutoka juu. Simamisha chombo ndani ya sinia lenye maji ya sentimita 1 kwa dakika 20, kisha kitoe. Funika kwa kioo au chupa ya plastiki iliyokatwa, weka penye mwanga mwingi usio wa jua kali, nyuzi 21 hadi 24. Baada ya wiki mbili hadi nne utaona ukijani kama kuvu. Uangalie kwa kioo cha kukuzia kabla hujaudhani ukungu na kuupangusa, kwa maana miche yenyewe mwanzoni ndiyo hiyo.

Begonia na lisiantasi hufuata njia hii hii. Lisiantasi hulazimika kukua polepole, miezi miwili au zaidi kabla hajahamishwa, na joto likizidi nyuzi 28 hujikunja chini kama kabichi na kukataa kupanda juu. Ni ua la nyanda za juu.

Zinazotaka baridi

Lavenda ya Kiingereza na maua mengi ya Ulaya huota baada ya kupita majira ya baridi. Unayatengeneza kwa friji. Changanya mbegu na mchanga wenye unyevu, mara tatu ya ujazo wa mbegu, weka kwenye kopo lililoandikwa tarehe, liache kwenye nyuzi 3 hadi 5 kwa wiki tatu hadi nne. Fungua kila wiki uone kama haijakauka au kuanza kuota. Baada ya hapo sia juujuu bila kufunika.

Wengi huweka pakiti kavu kwenye friji mwezi mzima halafu wanashangaa. Mbegu kavu haihisi majira. Friji imeihifadhi tu. Ni lazima iwe imenyonya maji ndipo baridi iifikie.

Delfini kwake ni kinyume kidogo: mbegu huzeeka upesi, itunze kwenye friji tangu siku unayoinunua, na usiisie joto likiwa juu ya nyuzi 22. Kilimo chake ni Iringa au Limuru, si Tanga mjini.

Moshi na maji

Protea, pamoja na ile ya miteremko ya Kilimanjaro, ni jamii iliyozoea moto. Watafiti wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1990 kwamba moshi wenyewe, bila joto la moto, huamsha mbegu za maua ya huko. Choma majani makavu na nyasi kwenye kopo, pitisha moshi kwa mrija ndani ya chupa ya maji kwa nusu saa, yapunguze makali kwa maji safi mara tisa, loweka mbegu siku moja.

Yungiyungi la mabwawa yetu ni rahisi ukijua siri yake. Ua likifunga na kuzama, lifunge ndani ya kitambaa cha neti kabla tunda halijapasuka, kwa kawaida ndani ya wiki tatu. Mbegu zitaelea, kisha zitazama utando ukioza. Zisie juu ya udongo wa mfinyanzi usio na samadi, ndani ya bakuli lenye maji ya sentimita 3, juani. Samadi hapo italeta mwani, na mwani utaisonga miche kabla haijafika juu.

Kinyausi

Baada ya kazi yote hiyo, miche mingi hufa kwa kinyausi. Asubuhi unaikuta imelala, majani bado ya kijani, lakini shingo pale inapogusa udongo imekuwa nyembamba kama uzi na rangi ya chai. Ni kuvu wa udongoni, na siku mbili baadaye trei nzima imekwisha.

Kinga yake huanza kabla ya kusia. Mwagia udongo maji yanayochemka mpaka yatoke chini, funika, acha upoe. Osha trei kwa maji yenye jiki, sehemu moja kwa tisa, kisha zisuuze. Usitumie udongo wa shambani wala mboji mbichi. Usisie kwa msongamano. Mwagilia kutoka chini, na asubuhi, ili uso ukauke kabla ya usiku. Kifuniko cha kioo kikitokwa na jasho siku nzima, kisogeze kidogo hewa ipite. Kinyausi kikishaingia, chota miche iliyoanguka pamoja na udongo wake kwa kijiko, acha trei ikauke kiasi, na ipe upepo. Dawa ya shaba kwa kipimo cha kwenye lebo huzuia isienee, ila haiwafufui waliolala.

Kila trei iwe na kibao: jina, tarehe ya kusia, ulichoifanyia mbegu, na idadi. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu hufutwa na jua na maji ndani ya miezi miwili, na mkalamu au strelizia inaweza kutokeza mwezi wa sita, wakati wewe hukumbuki tena kilichomo kwenye chombo hicho.